Shingo ya Mtungi

Tangu mbegu za ng'ombe zilizochaguliwa jinsia zianze kuuzwa nchini Kenya, swali la zamani limefufuka katika maeneo ya maziwa ya Meru na Embu. Mrija mmoja wa mbegu hizo, unaotarajiwa kumpa mfugaji ndama jike, bei yake ni mara kadhaa ya mrija wa kawaida, na ndani yake mna chembe chache zaidi za uzazi. Ng'ombe asiposhika mimba, fedha hizo zimekwenda, na mwenye ng'ombe hana budi kungoja siku 21 joto lirudi huku akilisha mdomo usiolipa. Hapo lawama huanza kutafuta mlango wa kubisha. Daktari alichelewa. Ng'ombe alipungukiwa na madini. Mbegu ilikuwa mbovu tangu ilikotoka. Nadra sana kumsikia mtu akikitaja chombo kilichoileta mbegu hiyo hadi zizini, mtungi wa naitrojeni unaofungwa kwa mipira nyuma ya pikipiki. Mimi naamini mtungi huo unastahili kutajwa mapema kuliko tunavyofanya, na kwamba somo lake limekwisha kuandikwa kwa gharama kubwa na watu wasiofuga ng'ombe hata mmoja: wahandisi wanaopima nguvu ya nyuzi za kaboni katika baridi kali.

Tuuangalie mtungi wenyewe. Kwa nje ni pipa dogo la alumini lenye kifuniko kinachoingia kwa ulegevu, maana naitrojeni ikigeuka gesi lazima ipate pa kutokea. Lita moja yake huzaa gesi ya karibu lita 700, na mtungi uliozibwa sawasawa ungepasuka. Ndani ya pipa hilo mna chombo cha pili, pia cha alumini, na kati ya vyombo hivi viwili hewa imenyonywa hadi pakabaki ombwe. Ni fikra ile ile ya chupa ya chai, ambayo James Dewar aliibuni mwaka 1892 kwa ajili ya gesi zilizogeuzwa kimiminika, chai ikaja kunufaika baadaye. Naitrojeni hiyo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Chombo cha ndani hakikai juu ya kitu chochote. Kinaning'inia kwa shingo yake, na shingo hiyo haikutengenezwa kwa chuma wala alumini, kwa sababu alumini hupitisha joto mara mamia zaidi na ingekausha mtungi upesi mno. Imetengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizoshikanishwa na gundi ya epoksi, kitu ambacho mafundi wa mashua na matangi ya maji hukiita faibaglasi. Wahandisi hukiweka katika ukoo mmoja na nyuzi za kaboni zilizolowekwa katika gundi hiyo hiyo, na ukoo wote wanauita kompoziti. Basi uzito wote wa naitrojeni na mbegu, pamoja na kila mtikiso wa barabara, unabebwa na bomba jembamba la kompoziti ambalo upande wake wa juu uko katika hewa ya Kibirichia na upande wa chini uko kwenye baridi ambayo duniani haipatikani ila kwa mashine.

Nikirudisha nyuma kumbukumbu za eneo letu, naona mbegu hizi zimepita katika enzi tatu, na tangu mtungi uje kila enzi imeipa shingo kazi tofauti. Ya kwanza haikuwa na baridi hii kabisa. Uhimilishaji, yaani kumpa ng'ombe mimba kwa mrija wa mbegu badala ya fahali, ulianza kutumiwa Kenya katika miaka ya 1930, na mwaka 1946 kikaanzishwa kituo cha Kabete, ambacho leo ndicho Kituo cha Rasilimali za Kijenetiki za Wanyama cha Kenya. Mbegu za nyakati hizo zilihifadhiwa kwa ubaridi wa kawaida na zilidumu siku chache tu, kwa hiyo saa ndiyo iliyokuwa adui. Mwaka 1949 Christopher Polge na wenzake huko Uingereza walitangaza kwamba gliserini huzilinda chembe za uzazi zisife zinapogandishwa, na kutoka hapo njia ikafunguka hadi kwenye naitrojeni. Mbegu iliyotunzwa vizuri katika baridi hiyo hudumu kwa miongo. Ugunduzi huo uliondoa utumwa wa saa na kuleta mwingine ambao hatukuupa jina: mbegu sasa ingeishi kwa muda ule ule ambao chombo chake kingeishi. Uhai wa ndama ambaye bado hajatungwa ukahamia kwenye nyuzi za kioo na gundi.

Enzi ya pili ni ile ya magari ya serikali. Huduma ya kitaifa ya uhimilishaji iliundwa mwaka 1966, na kwa zaidi ya miongo miwili magari yalipita njia zinazojulikana kwa ratiba inayojulikana, wafugaji wakingoja kando ya barabara na ng'ombe wao kwenye krashi za miti. Wazee wa Imenti na wa Embu ya juu huisimulia enzi hiyo kwa hamu, na wana haki, maana bei ilikuwa nafuu na gari lilifika. Lakini nataka tuitazame kwa jicho la shingo. Mtungi ulikaa ndani ya gari, wima, ulijazwa kwa mpango, na haikuwa rahisi ukauke katikati ya njia bila mtu wa ofisini kuuliza. Enzi ya tatu ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990: serikali ilijiondoa, huduma ikaingia mikononi mwa watu binafsi na vyama vya ushirika, na mtungi ukashuka kwenye gari ukapanda baiskeli, kisha pikipiki. Sisemi kwamba mabadiliko hayo yalikuwa kosa. Mtu wa pikipiki hufika hadi kwenye boma lililo mwisho wa mteremko ambako gari la serikali halikuwahi kufika, na hufika siku ya Jumapili. Ninachosema ni kwamba tulibadilisha kabisa maisha ya chombo bila kumwuliza yeyote kama chombo kilikuwa kimepimwa kwa maisha hayo. Barabara za kutoka Kianjokoma kuelekea mashamba ya chai, au zile zinazopanda Githongo, hazifanani na sakafu ya kiwanda. Na mtaalamu wa kujitegemea, anayenunua naitrojeni kwa fedha yake, huuacha mtungi ushuke hadi karibu na mwisho kabla ya kuujaza. Mara nyingine hukauka kabisa, hurudi kwenye joto la chumba, kisha humiminiwa tena kimiminika cha nyuzi 196 chini ya sifuri kwa mkupuo mmoja.

Ni katika mkupuo huo ndipo maabara za kompoziti zina la kutufundisha. Kipimo cha kawaida ni rahisi kukieleza. Hukatwa ukanda wa kompoziti, ukabanwa pande mbili kwa meno ya mashine, ukazamishwa katika naitrojeni na kuvutwa hadi ukatike. Mtu angetarajia baridi iudhoofishe, kama inavyokifanya chuma cha kawaida kiwe kikavu na kuvunjika kama kigae. Kwa nyuzi za kaboni haiwi hivyo. Ukizivuta kwa urefu wake, nguvu yake katika baridi hubaki karibu pale pale ilipokuwa, na gundi yenyewe huwa ngumu zaidi. Ukiishia hapo utaandika ripoti nzuri na utakuwa umekosea. Gundi ya epoksi ikipoozwa kutoka joto la chumba hadi la naitrojeni husinyaa kwa kiasi cha asilimia 1, ilhali uzi wa kaboni kwa urefu wake karibu hausinyai kabisa. Wawili hawa wamefungwa pamoja wala hawawezi kuachana, kwa hiyo mmoja anavutwa na mwenzake. Tena kompoziti nyingi hupikwa katika tanuri la nyuzi 180 hivi ili gundi ikauke, na safari yote kutoka joto hilo hadi ndani ya naitrojeni ni zaidi ya nyuzi 370. Ukanda unapofika kwenye mashine tayari umekwisha kuvutwa kutoka ndani kabla ya mtu kugusa swichi. Gundi iliyokaza namna hiyo hupasuka kwa nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila ukanda unaporudishwa kwenye joto na kuzamishwa tena, nyufa huweza kuongezeka. Kwa hiyo kipimo chenye maana huhesabu safari: umezama mara ngapi, umerudi mara ngapi, na baada ya kila kurudi unavujisha nini.

Marekani ililipa ada ya somo hili hadharani. Shirika la NASA na kampuni ya Lockheed Martin walikuwa wakiunda chombo kilichoitwa X-33, kielelezo cha ndege ya kwenda angani na kurudi, na tangi lake la haidrojeni lilikuwa la nyuzi za kaboni, lenye ngozi mbili na kiini cha vishimo kama sega la nyuki katikati. Haidrojeni kimiminika ni baridi kuliko naitrojeni, nyuzi 253 chini ya sifuri. Novemba 1999 tangi lilijazwa katika kituo cha Marshall, Alabama, likatiwa shinikizo na mizigo, nalo likastahimili. Lilifeli baadaye, lilipokwisha kumwagwa na kuanza kupata joto. Uchunguzi ulionyesha kwamba ngozi ya ndani ilikuwa imepata nyufa ndogo, haidrojeni ikapenya hadi kwenye sega, na gesi ya naitrojeni iliyokuwa nje nayo ikanyonywa humo kwa nguvu ya baridi. Joto liliporudi, vilivyokuwa vimeganda vikafura, vikatafuta njia, vikaibandua ngozi ya nje. Mwaka 2001 mradi wote ulifutwa. Kila ninapolifikiria tukio hili nashangazwa na wakati wa kufeli. Waliokuwa wakitazama vipimo tangi likiwa limejaa walikuwa na kila sababu ya kufurahi. Kilele cha baridi kilikwisha kupita, mzigo ulikwisha kupita, na madhara yakajitokeza katika kurudi, saa ambayo wengi wetu tungekuwa tumeanza kukusanya vifaa.

Tukio la pili ni la Septemba 1, 2016, roketi ya Falcon 9 ilipolipuka Florida ikijazwa mafuta kabla ya jaribio. Ndani ya tangi la oksijeni kimiminika mlikuwa na mitungi ya heliamu yenye bitana ya alumini iliyoviringishiwa nyuzi za kaboni. Kampuni ya SpaceX, mwenye roketi hiyo, ilieleza kwamba bitana ilikuwa na mikunjo, oksijeni ikaingia kati ya alumini na nyuzi, na baridi ya heliamu ikaweza kuigandisha. Msuguano ukatosha kuwasha moto. Alumini peke yake isingefanya hivyo, nyuzi peke yake zisingefanya hivyo. Ajali ilizaliwa mahali vitu viwili vinapokutana.

Hapa atasimama msomaji makini na kupinga: shingo ya mtungi wa ng'ombe ni ya kioo, haina kaboni, na mambo ya roketi hayahusiani na zizi la Runyenjes. Pingamizi hili lina uzito na linastahili jibu la namba. Kioo kilichaguliwa kwa sababu kaboni hupitisha joto zaidi kwa urefu wa nyuzi zake katika hali hii, jambo lisilotakiwa shingoni. Lakini gundi ni ile ile ya ukoo wa epoksi, na ndiyo inayopasuka kwanza katika zote mbili. Tuongeze na maungio. Shingo ya kioo na epoksi imebandikwa kwa gundi kwenye alumini ya chombo cha ndani. Alumini ikipoozwa hadi joto la naitrojeni husinyaa kwa karibu asilimia 0.4, ilhali kompoziti ya nyuzi za kioo, kwa upande wa nyuzi, husinyaa kwa takribani nusu ya hiyo. Katika mdomo wenye upana wa sentimita 5, tofauti ni kama unene wa karatasi ya daftari. Ni kidogo, lakini gundi iliyo kati yao haina pa kukimbilia, na inafanyiwa hivyo kila mtungi unapokauka na kujazwa upya, huku pikipiki ikiongeza yake. Ufa ukitokea hapo mtungi hauanguki wala haumwagi. Unaanza tu kupoteza ombwe. Jasho au umande mgando ukionekana nje ya mtungi, ombwe limekwisha. Kabla ya siku hiyo kuna wiki, pengine miezi, ambamo naitrojeni inapungua upesi kuliko mwenyewe anavyodhani, na mbegu zilizo karibu na shingo zinapata joto na kupoa tena. Mrija ulioharibika kwa njia hiyo hauna alama. Unafanana kabisa na mzima.

Wengine watasema kwamba kama kompoziti ina matatizo haya tuiache turudi kwenye metali, na watataja kwamba hata SpaceX ilijaribu tangi kubwa la kaboni kisha ikageukia chuma cha pua kwa roketi yake kubwa. Ni kweli iligeuka. Ila kampuni ya Rocket Lab imekuwa ikirusha roketi ya Electron yenye matangi ya kaboni yanayobeba oksijeni ya nyuzi 183 chini ya sifuri, na mwaka 2014 NASA na Boeing walilipima kwa mafanikio tangi la kompoziti lenye upana wa mita 5.5 kule kule Marshall, safari hii wakitumia tabaka nyembamba zaidi zisizopasuka kirahisi. Kilichotenganisha 1999 na 2014 ni kwamba waliotangulia walipima, wakafeli, wakaandika walichofeli. Na kwa shingo ya mtungi wetu metali si kimbilio, kwani hata chuma cha pua hupitisha joto mara nyingi zaidi ya faibaglasi, na mtaalamu anayeishi mbali na mahali pa kujazia angelipa tofauti hiyo kwa kila lita.

Kuna pingamizi la tatu ambalo naliheshimu kuliko yote. Wenye kampuni wamekwisha kupima mitungi yao, husemwa, na mfugaji wa lita nane kwa siku anahitaji mbegu za bei nafuu, hahitaji utafiti wa nyufa. Ndiyo, wamepima. Lakini angalia karatasi zao: hutoa muda wa kukaa mtungi ukiwa umetulia, kisha muda mfupi zaidi ukiwa kazini, na kazi hiyo wameikadiria wao. Hakuna karatasi inayosema mtungi umebebwa nyuma ya pikipiki kwa miaka minne kati ya Nkubu na vijiji vya juu. Na kuhusu bei, ruzuku ya mbegu ikipitia kwenye chombo kinachovuja inakuwa ruzuku ya hewa. Simtuhumu daktari yeyote, wala sidai kwamba mtungi ndio chanzo cha kila ng'ombe anayerudi kwenye joto. Vyanzo ni vingi: joto kutambuliwa kwa kuchelewa, mrija kushikiliwa mdomoni mwa mtungi kwa muda mrefu, maji ya kuyeyushia kuwa ya moto au ya baridi, lishe. Kwa kuwa ni vingi ndiyo maana tunahitaji kukitenga kile kimoja kinachoweza kupimwa bila kumgusa ng'ombe.

Na kipimo chake kiko hapa. Vituo vya kununulia chai kutoka Embu ya juu hadi Imenti vina mizani ya kuning'iniza. Lita moja ya naitrojeni ina uzito wa takribani gramu 800. Mtungi mdogo wa kubebea, ukiwa mzima na umetulia, hupoteza sehemu ndogo tu ya lita kwa siku. Ukiupima leo jioni na tena baada ya siku kadhaa bila kuufungua, tofauti ya uzito inakuambia hali ya ombwe kwa uaminifu kuliko kijiti cha kupimia kina, ambacho huonyesha kilichobaki bila kuonyesha kasi ya kupotea. Ukiandika namba hiyo kila mwezi, mwaka ukiisha una mstari. Na mstari ukianza kupinda juu, shingo inazungumza kabla ya umande kuonekana. Ushirika wenye mitungi kumi, ikiandikwa hivyo pamoja na tarehe ya kila kukauka na kila kujazwa, ungekuwa na kumbukumbu ya aina ambayo karatasi ya kiwandani haina: kompoziti halisi, baridi halisi, barabara halisi, miaka kwa miaka. Ushauri wa kujaza kidogo kidogo, kiasi kidogo kwanza kikiachwa kipoze shingo ndipo kingine kifuate, ungeweza kujaribiwa waziwazi, nusu ya mitungi kwa njia hii na nusu kwa ile.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, na Chuo Kikuu cha Embu kiko mjini Embu, vyote viwili katikati ya watu wanaotumia mitungi hii. Mwanafunzi wa uhandisi hahitaji heliamu wala haidrojeni kuanza. Anahitaji mtungi uliokufa, msumeno, ndoo ya naitrojeni, miwani na glavu, na chumba chenye madirisha wazi kwa sababu gesi hiyo hufukuza oksijeni. Akate shingo vipande, avizamishe vingine mara moja, vingine mara kumi, vingine mara mia, avirudishe kwenye joto kila mara, kisha avipinde hadi vivunjike na kuviandika kwa mpangilio. Kipande kilichounganishwa na alumini akihifadhi kwa mwisho, akikate kwa urefu, akiweke chini ya darubini, atazame mstari wa gundi.